Istilahi za pamoja kwa data za uoto, Kondoa hadi Itigi

Mtunza data, Dodoma
Ndugu zangu, vikundi vitatu vinavyofuatilia uoto vimekubali kuunganisha data zao, lakini eneo lilelile kimoja kimeliandika "kichaka", kingine "pori", na cha tatu "msitu mfupi". Je, tuwalazimishe wote watumie orodha moja?

Jibu, Singida
Msilazimishe neno, ndugu, lazimisheni fasili. Kila dhana ipewe namba ya utambulisho isiyobadilika, pamoja na vipimo vyake: urefu wa mimea, sehemu ya ardhi inayofunikwa na matawi, na msimu wa kupima, kwa kuwa vichaka vya Itigi hupukutisha majani kiangazi na mpimaji wa Septemba hataona alichokiona mwenzake wa Februari. Mfumo wa SKOS, yaani kanuni za kupanga istilahi kwenye kompyuta, uliopitishwa mwaka 2009 na W3C, shirika la viwango vya wavuti, huruhusu dhana moja iwe na jina kuu kwa kila lugha na majina mbadala, hivyo hata majina ya Kigogo yatapata nafasi yake.

Jibu, Manyoni
Naunga mkono. Kwa spishi tumieni Darwin Core, kiwango cha pamoja cha kuandika data za viumbe hai, na jina aliloandika mpimaji lisifutwe kamwe: mgunga uliosajiliwa zamani kama Acacia tortilis sasa ni Vachellia tortilis, na asiyejua hilo atahesabu spishi mbili. Tafadhali tenganisheni pia "haikuonekana" na "haikupimwa". Nafasi tupu isiyosema ni lipi kati ya hayo mawili huharibu uchambuzi kuliko jina lolote.

Mtunza data, Dodoma
Ahsanteni sana. Tutaanza na fasili za uoto, na wapimaji wenyewe watakuwepo mezani.