Wazee tunaotembea nchi kwa basi na treni, tupeane uzoefu

Mstaafu wa Nyegezi
Mwangaluka wadau. Mimi na mama watoto tumestaafu wote, tunakaa hapa Mwanza, magoti yanasumbua kidogo lakini kutembea tunatembea. Tumejiwekea utaratibu kila kiangazi mavuno yakishaingia ndani tunafunga nyumba, kuku tunamwachia jirani, tunaingia barabarani. Hatuendi msiba wala harusi wala hospitali, tunaenda kuiona nchi tu. Watoto wanasema baba pandeni ndege mara moja mko Dar, nawaambia Dar naijua, ninayoitaka ni hiyo katikati mnayoipita juu ya mawingu.

Uzoefu wangu ni huu: Mwanza mpaka Dar kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100, kijana anaunga moja kwa moja, mzee usiunge. Sisi tunapanda basi la asubuhi tunashuka Singida tunalala. Faida yake ya kwanza mlima Sekenke unaupanda mchana unaona bonde lote la Igunga nyuma yako, wale wa basi la usiku wanaupita wamelala. Na kwa safari hiyo kateni siti za kulia, maana asubuhi mkishuka kusini kwenda Shinyanga na Nzega jua linapiga kushoto, na mkikunja Nzega kuelekea Singida bado kiangazi jua liko kushoto kwenu. Singida kesho yake tunatembea kwa miguu mpaka ziwa Singidani, tunakula kuku, jioni tunapumzika, siku inayofuata Dodoma, na Dodoma tunaliaga basi tunapanda SGR, ile treni mpya ya umeme.

Aisee SGR kwa mzee ni heshima. Stesheni ina ngazi za umeme na lifti, choo kiko humo humo kwenye behewa, unanyanyuka unatembea unanyoosha miguu. Pale katikati ya Gulwe na Kilosa inaingia kwenye mahandaki mama watoto alinishika mkono kama siku za uchumba. Kumbukeni tu kwamba Dodoma stesheni ya SGR na ile ya zamani ni sehemu mbili tofauti, muwe na kitambulisho, na mfike mapema kuna ukaguzi wa mizigo.

Sasa karibuni, nani kapanda treni ya zamani toka hapa Mwanza? Tunataka Kigoma mwaka huu.

Mama Dagaa Kirumba
Shikamoo baba. Mimi nimepanda na nitapanda tena Mungu akinipa uzima. Nimeuza dagaa mwaloni maisha yangu yote, nilipowaachia wanangu biashara kitu cha kwanza nilisema nataka nikaone hao dagaa wa Kigoma wanaotutambia. Reli hii ya kwetu ilifika Mwanza 1928, ni ya zamani na mwendo wake ni wa zamani, ukiwa na haraka usiipande. Ila sie haraka ya nini? Unakaa dirishani unapita Malampaka, Shinyanga, Isaka, Bukene, kila stesheni wanawake wanakuja na mabeseni, karanga, viazi, mahindi, mayai, mnapatana bei kupitia dirishani na treni imeanza kujivuta. Tabora ndio njia panda, hapo unabadili kwenda Kigoma, na mimi nashauri mlale Tabora mnunue asali, mtembee chini ya ile miembe, msiunganishe siku hiyo hiyo.

Jambo moja mume na mke walijue. Daraja la pili kulala chumba kina vitanda sita na wanawake wanapangwa kwao wanaume kwao. Mkitaka kukaa pamoja kateni daraja la kwanza, vitanda viwili. Mimi nilikuwa peke yangu nikapangwa la pili na wamama wenzangu na sijutii hata kidogo, usiku kucha tulisimuliana habari za wakwe na wajukuu, mmoja wa Bukene alinipa mbegu za mlenda nimezipanda hapa Kirumba zimeota. Omba kitanda cha chini tu, kupanda juu kwa umri wetu hapana.

Kigoma nikaenda Ujiji pale Stanley alipomkuta Livingstone 1871, pazuri, halafu nikaenda kwenye jambo langu yaani dagaa. Niwaambie ukweli kama mfanyabiashara, wale dagaa wa Tanganyika wako vizuri, hawana uchungu, unawakaanga na kitunguu bila kuwatoa vichwa. Nikaongea na wamama wa kule jinsi wanavyoanika, tukabadilishana namba, na hapa nyumbani nawasisitiza wanangu waanike kwenye chanja sio mchangani. Ndege ingenipa hayo?

Nesi Mstaafu
Wazee wenzangu kuna kitu nakiona kwenye mabasi kinaniuma. Watu wa umri wetu hawanywi maji safarini kwa kuogopa kuomba gari lisimame kuchimba dawa. Mnakaa saa kumi bila maji, damu inakuwa nzito, miguu inavimba, na damu inaweza kuganda kwenye mshipa wa mguu ikapanda mpaka mapafuni, hiyo inaua. Kunyweni kidogo kidogo, gari likisimama shukeni hata kama hamna haja, mkiwa mmekaa chezesheni vifundo vya miguu. Wenye vidonge vya presha vile vya kukojosha ongeeni na daktari kabla ya safari kuhusu saa ya kuvimeza, msiache kienyeji. Wa insulini isikae dirishani juani wala kwenye buti, iweke kwenye chombo chenye ubaridi mkononi mwako, na dawa zote zisiende na begi kubwa kule chini. Na konda mwambieni mapema kabisa mkiwa stendi kwamba mna mzee anahitaji kushuka, mwanzoni anasikiliza, mkishafika porini hasikilizi mtu.

Kijana wa Buhongwa
Shikamooni wazee. Babu na bibi wanataka kwenda Bukoba, bibi anaogopa kivuko cha Busisi.

Omuhaya Mtembezi
Marahaba mjukuu. Mwambie bibi kivuko kimebaki hadithi, daraja la Kigongo Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kama kilomita tatu juu ya maji, zamani tulikuwa tunapanga foleni pale mpaka tunamaliza mahindi yote ya kuchoma ya Kigongo, leo basi linapita dakika chache. Njia ni Sengerema, Geita, Biharamulo, Muleba. Wakatize Geita wapumzike kama babu mgongo unasumbua. Wakifika Muleba migomba imeanza wajue wamefika kwetu.

Mzee wa Reli
Mkishafika Dar msirudi upesi, pandeni treni ya TAZARA mpaka Mbeya. Reli yote toka Dar ni kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi Zambia, ilijengwa na Wachina pamoja na vijana wetu kuanzia 1970. Inapita ndani ya mbuga, unaona wanyama ukiwa kitandani, na toka Mlimba kupanda Makambako ni madaraja na mahandaki tupu. Ulizieni stesheni siku za treni kabla hamjapanga chochote.

Mstaafu wa Nyegezi
Mama Dagaa umenimaliza, tunakata daraja la kwanza. Mama watoto ana swali moja anauliza Kigoma gesti zenye choo cha kukaa zipo?

Mama Dagaa Kirumba
Zipo mama, ila muulize kabla hujalipa, na uingie ukione mwenyewe kama maji yanatoka. Chukueni chumba cha chini. Nikija kununua mzigo huko tutaonana.