Tupeane uzoefu: kuwafundisha watoto wadogo sayansi nyumbani kwa vitendo, kwa mtaala unaofuata majira

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Nimefungua uzi huu kwa ajili ya wazazi na walezi wanaowafundisha nyumbani watoto wa umri wa miaka minne hadi minane, ama kwa sababu watoto hao hawajafikia umri wa kuandikishwa shule, ama kwa sababu sheria ya nchi wanamoishi inaruhusu elimu ya nyumbani, ama kwa sababu wanataka likizo iwe na faida. Naomba kila atakayechangia aeleze jambo alilolifanya kweli: vifaa alivyotumia, maswali waliyouliza watoto, na namna alivyopanga ratiba.

Nianze mimi. Kwetu kusoma, kuandika na kuhesabu kuna saa yake kila asubuhi na saa hiyo haihamishwi, kwa kuwa stadi hizo hujengwa kwa kurudiwarudiwa. Sayansi ndiyo tuliyoilegeza. Hatuendi na kitabu sura kwa sura. Tunakwenda na majira, kwa sababu yako mambo ambayo yana siku yake, na siku hiyo ikipita mtoto hubaki na maneno matupu mpaka mwakani.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni kivuli. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka: siku za mwanzo za Machi, na karibu na tarehe 10 Oktoba. Siku hizo fimbo iliyosimamishwa wima kwenye sakafu tambarare hupoteza kivuli chake kabisa, yapata saa 6 na dakika 10 mchana ikiwa ni Oktoba, na yapata saa 6 na dakika 35 ikiwa ni Machi. Baada ya Oktoba kivuli cha adhuhuri huanza kuelekea kaskazini, na huendelea hivyo hadi Machi. Miezi iliyobaki huelekea kusini. Watoto wangu huchora ncha ya kivuli kwa chaki uani, kisha huinakili kwenye daftari pamoja na tarehe. Mkubwa, ambaye ana miaka saba, ndiye aliyesema bila kuambiwa kwamba jua limehamia upande wa pili wa nyumba, na kutokana na kauli hiyo tulizungumza juma zima kuhusu mvua, joto na miezi. Naomba tu jambo moja lizingatiwe: mtoto aangalie kivuli, asiliangalie jua lenyewe hata kwa nukta moja.

Karibuni.

Baba wa wawili, pwani ya mashariki ya Unguja

Assalaam alaikum. Nimefurahi kuliona neno majira, maana sisi watu wa pwani hatuna hiari nalo. Watoto wangu wana miaka mitano na minane, na somo letu kubwa ni kujaa na kupwa kwa maji.

Tulianza kwa kigingi kilichotiwa alama za rangi, tukakisimamisha mahali ambapo maji hufika kila siku. Kazi ya watoto ilikuwa kuandika saa ambayo maji yameifikia alama ya juu. Baada ya siku chache waliona wenyewe kwamba saa inasogea: yakijaa leo, kesho hujaa kwa kuchelewa yapata dakika 50. Nikawauliza ni kitu gani kingine wanachokijua ambacho nacho huchelewa kila siku. Walishindwa siku ile, lakini usiku wa tatu mdogo alitoka nje akasema kwamba mwezi umekawia kutoka. Hapo ndipo nilipowaeleza kwamba mvuto wa mwezi ndio unaoyavuta maji, na kwamba jua nalo huyavuta, ila kwa nguvu ndogo zaidi.

Bamvu na maji mafu vilifuata baadaye. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa mchanga kabisa, jua na mwezi huvuta kwa mstari mmoja, na siku moja au mbili baadaye tunapata bamvu, ambapo tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hapa Unguja hufikia yapata mita 4. Mwezi ukiwa nusu, tunapata maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Mama yao analima mwani, na wakulima wa mwani hupanga kazi yao yote kwa kalenda hiyo, kwa kuwa vigingi na kamba hufikiwa vizuri bamvu linapopwa. Kwa hiyo mwalimu wa somo lile alikuwa mama yao, na mimi nilibaki na daftari. Siku za bamvu tunaacha masomo mengine ya mchana tunashuka mwambani, tunahesabu viti vya pweza na majongoo bahari, tunachora, na kila kiumbe tunakiacha palepale tulipokikuta. Wavae viatu vigumu, na wasitie mkono kwenye tundu wasiloliona ndani.

Napenda niseme jambo kwa wanaohofia kwamba mtaala uliolegezwa hauna utaratibu. Bahari ina utaratibu mkali kuliko ratiba yoyote ya ukutani. Sisi tumeufuata huo.

Mama wa watatu, Nairobi

Hamjambo wote. Sisi hatuna bahari, ila tuna mwinuko, na mwinuko nao hufundisha.

Mwanangu wa miaka sita aliuliza kwa nini maharagwe ya nyumbani huchukua muda mrefu kuiva kuliko ya nyanyake aliyeko Mombasa, ilhali ni maharagwe yaleyale tuliyombebea sisi wenyewe. Ningeweza kumjibu kwa sentensi moja, lakini nilinunua kipimajoto cha jikoni, kile chenye ncha ndefu ya chuma, tukapima maji yanayochemka. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu yalichemka yakiwa karibu nyuzi 94 za Selsiasi. Tuliposafiri kwa treni kwenda Mombasa tulikibeba kipimajoto kilekile, na kule maji yalikaribia 100. Mtoto alipoona hivyo aliongeza moto akitumaini kuyafikisha maji ya Nairobi 100, akashangaa kwamba yanatokota kwa kishindo zaidi lakini nambari haipandi. Nadhani hapo ndipo alipofahamu kuchemka ni nini: hewa ya huku juu inayakandamiza maji kwa nguvu pungufu, kwa hiyo yanageuka mvuke mapema, na moto wote unaoongezwa hutumika kuyageuza mvuke. Maharagwe nayo huiva polepole kwa kuwa yanapikwa katika maji yenye joto dogo zaidi. Tafadhali msitumie kipimajoto cha kupima homa kwa kazi hii. Hakikutengenezwa kwa maji ya moto, na kile cha glasi kitapasuka.

Kuhusu sheria, wazazi wenzangu wa Kenya wanajua kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule, kwa hiyo anayenuia kufundisha nyumbani kwa miaka mingi apate ushauri wa kisheria kwanza. Mimi ninafundisha kabla ya umri wa shule na wakati wa likizo. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutumika nchini kote katika gredi za mwanzo mwaka 2019, unasisitiza kutenda, na nimeona kwamba aliyepima na kuandika nyumbani hapati shida akiulizwa darasani aeleze alichokiona.

Mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza, Morogoro

Wanangu, nimesoma kwa furaha, nami nina neno kama mtu aliyewapokea watoto wengi katika siku yao ya kwanza shuleni.

Nchini Tanzania, Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inadai mtoto aandikishwe na ahudhurie shule ya msingi, kwa hiyo wengi wenu mtamkabidhi mtoto kwa mwalimu mapema. Mwalimu huyo hatauliza kama mtoto alikiona kivuli kikipotea. Atauliza kama anasoma silabi, kama anashika penseli, kama anaweza kukaa na wenzake arobaini akingoja zamu yake. Tangu mwaka 2015 darasa la kwanza na la pili lilijengwa juu ya kusoma, kuandika na kuhesabu, na mtoto aliyechelewa hapo huteseka katika kila somo linalofuata. Kwa hiyo namuunga mkono mwanzisha mada kwa asilimia zote alipoifunga saa ya asubuhi. Legezeni sayansi, msilegeze KKK.

Nawaomba pia muwe na daftari la mzazi, mbali na lile la mtoto. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinapatikana bila malipo katika maktaba yao ya mtandaoni. Chukueni orodha ya mada za sayansi, na kila mwisho wa mwezi wekeni alama kwenye zile mlizozigusa, hata kama mmeruka kutoka ya tatu kwenda ya tisa na kurudi ya kwanza. Mtaona mapengo yako wapi. Nimekuta mara nyingi kwamba familia zinazopenda wanyama na mimea husahau kabisa sumaku, sauti na mashine rahisi, wakati kisimani kuna kapi na uani kuna toroli.

Halafu mtoto atabiri kabla ya kutenda. Hili naliona ni kubwa kuliko vifaa vyote. Aseme anadhani itakuwaje, aandike au achore, ndipo atende. Asipotabiri, jaribio linakuwa kiinimacho cha kumfurahisha na kesho amelisahau.

Mama, Dodoma

Shikamoo Mwalimu. Mimi nina jambo fupi lisilohitaji fedha. Choya (rozela) inayolimwa huku kwetu, tukiichemsha na kuichuja, tunapata maji mekundu ambayo hubadilika rangi kulingana na tindikali au besi. Ndimu huyafanya yawe mekundu ya kung'aa. Magadi huyafanya yaelekee samawati na kijani. Ukiongeza siki ya kutosha katika kikombe cha magadi, wekundu unarudi. Wanangu walipimia ukwaju, maziwa mtindi, majivu na sabuni, kila kimoja wakitabiri kwanza kama Mwalimu alivyosema, na mtindi ndio uliowabishanisha. Vikombe vya majaribio visitumike tena kunywea.

Mama wa wanne, Minnesota, Marekani

Huku elimu ya nyumbani ni halali katika majimbo yote 50, ila masharti hutofautiana. Katika jimbo letu mtoto akifika miaka saba mzazi hutoa taarifa kwa msimamizi wa wilaya ya shule, na watoto hufanya mtihani wa kupima maendeleo kila mwaka. Nje ya hapo nina uhuru mpana, nami nimeutumia kufundisha sayansi kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza watakipata kila mahali, na Kiswahili watakipata kwangu tu.

Majira yetu ni ya theluji. Chupa ya plastiki iliyojazwa maji hadi kwenye kizibo, ikilala nje usiku mmoja wa Januari, asubuhi huwa imetutumka, kwa kuwa maji yakiganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9. Kutokana na chupa hiyo tuliweza kueleza kwa nini barafu huelea, na kwa nini ziwa huganda juu huku samaki wakiishi chini. Wanangu walimsimulia babu yao wa Tabora kwa simu, naye akawauliza maswali ambayo mimi sikuyafikiria: je, maji ya chumvi huganda vilevile? Tukajaribu, tukaona kwamba yanahitaji baridi kali zaidi.

Baba, Berlin

Nasoma kwa hamu, kwa kuwa Ujerumani hairuhusu elimu ya nyumbani badala ya shule, na hata Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilipopelekewa shauri la wazazi waliopokonywa watoto kwa muda, Januari 2019 iliamua kwamba serikali haikukiuka haki zao. Sisi tumebaki na Jumamosi. Nawashukuru kwa la choya. Dukani hapa huuzwa ikiwa chai.

Mhudumu wa afya, Mwanza

Nami nichangie kwa ajili ya masika. Chukua chupa ya kioo, uchote maji ya dimbwi au ya ndoo iliyosahauliwa nje pamoja na viluwiluwi vya mbu, uifunike mara moja kwa kipande cha chandarua kilichokazwa kwa mpira. Kwa joto la huku, tangu yai hadi mbu kamili ni yapata siku 7 hadi 14, kwa hiyo mtoto hapotezi subira. Mpe kioo cha kukuzia. Kiluwiluwi cha Anofelesi, jamii inayoeneza malaria, hulala sambamba na uso wa maji. Cha Kuleksi hujinyonga kichwa chini huku kikipumua kwa mrija wa mkiani. Watoto wa miaka sita hutofautisha hayo bila shida, na wengi wao huuliza wenyewe: tukifunika uso wa maji, watapumuaje? Hapo unawaruhusu watie tone la mafuta ya kupikia katika chupa ya pili na kungoja.

Mbu wakianza kutoka, msifungue chandarua. Chupa ikae juani hadi wafe, kisha maji yamwagwe kwenye udongo mkavu. Katika familia niliyowaonyesha zoezi hili, watoto walizunguka kiwanja wakipindua makopo na vifuu vyote, wakaandika orodha ya waliyoyakuta na maji, na orodha hiyo wanaipitia upya kila Jumapili mvua zinaponyesha.