Siku mbili za mapumziko karibu na Tanga: Amani, Lushoto au Pangani?

Binti_Chumbageni

Habari za leo jamani. Naomba mwongozo wa wanaozijua njia za huku kwetu. Tunataka kutoka Tanga mjini katikati ya Agosti, Ijumaa mchana, turudi Jumapili kabla ya magharibi. Tupo watano: watu wazima wawili, mama mzazi wa miaka 68 ambaye magoti hayamruhusu kupanda ngazi nyingi, na watoto wa miaka 7 na 12. Gari ni dogo la chini, injini 1500, otomatiki. Tunachotafuta ni mandhari na utulivu, si muziki wala bwawa la kuogelea. Nimebakiza hifadhi ya msitu ya Amani, Lushoto milimani na Pangani pwani (tungependa kufika kisiwani Maziwe). Picha za mtandaoni zote nzuri, hazinisaidii kuchagua. Kipi kinawezekana kwa msimu huo, gari hilo na magoti hayo?

Chungwa_la_Muheza

Dada, karibu zaidi ni Amani, ila ukaribu wake ni wa ramani. Tanga hadi Muheza ni kilomita kama 35 za lami, hapo hamna neno. Kutoka Muheza hadi Amani ni nyingine kama 35 za vumbi, na hizo ndizo safari yenyewe. Wekeni saa moja na nusu hadi mbili kwa gari la chini, bila kukimbia.

Lango la hifadhi lipo Sigi, penye stesheni ya zamani ya reli ya Wajerumani. Mpaka hapo njia ni ya kawaida. Kutoka Sigi kwenda juu ni kama kilomita 9 za kona na mlima, udongo mwekundu. Ukikauka, gari lenu linapita. Ukinyeshewa hata saa moja, tairi zinajaa tope na kuwa laini kama sabuni, na gari la kuendeshwa na tairi za mbele huanza kuteleza kwenye kona za kupanda. Agosti si masika, lakini Usambara Mashariki haina kiangazi cha kweli: milima inapokea upepo wa bahari moja kwa moja, kwa hiyo Amani hupata mvua kama milimita 1,900 kwa mwaka na manyunyu huja mwezi wowote. Mkifika Muheza, waulizeni bodaboda wanaoshuka kutoka juu kama jana yake ilinyesha. Hao hawakosei. Kama ilinyesha, egesheni gari Muheza kwenye nyumba ya wageni yenye geti, mkodi gari la juu liwapandishe.

Cha kuona bila kutesa magoti: bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Barabara inapita katikati ya miti yenyewe, mama anaweza kukaa kwenye gari au kutembea mita mia mbili tambarare. Mashamba ya chai ya upande wa Kwamkoro nayo yanaonekana toka barabarani. Mbega na kima hawahitaji kutafutwa, asubuhi kabla ya saa tatu wanapita wenyewe karibu na nyumba. Watoto waombeeni mwongozaji wa matembezi ya usiku kuangalia vinyonga. Ni mwendo mfupi wenye tochi, na mtoto wa miaka 7 anauweza. Kilima cha Mbomole kina mandhari pana lakini ni cha kupanda kwa miguu, huyo bi mkubwa abaki.

Jambo linalowakwamisha wengi ni malipo. Hifadhi iko chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), na kiingilio hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, si noti mkononi. Mtandao wa simu kule juu unakuja na kuondoka. Hakikisheni salio liko kwenye simu kabla ya kuondoka Muheza, na mchukue vitambulisho vya taifa (NIDA), maana bila hivyo mtabishana langoni juu ya kiwango cha raia.

Tochi_Segera

Naheshimu ya Amani, lakini kwa gari lile na magoti yale nawapeleka Lushoto. Lami mlango kwa mlango. Ni kama kilomita 160: Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, kisha 33 za kupanda. Saa tatu na nusu hadi nne.

Tokeni saa saba mchana, si saa tisa. Sababu ni mbili. Kwanza, Segera mnaingia kwenye barabara ya malori ya Dar na Moshi, na vijiji vyote vina kikomo cha 50 na askari wenye tochi za kupima mwendo, kwa hiyo hakuna muda wa kufidia. Pili, Mombo hadi Lushoto haifai kupandwa usiku kwa mara ya kwanza: kona ni kali, upande mmoja mwamba, mwingine korongo, na Fuso za mboga zinashuka katikati ya njia. Mkiwa Mombo saa kumi na nusu, mnapanda kukiwa kweupe na mnaona maporomoko ya Soni hapo nusu ya njia, bila kushuka garini kama mama hataki.

Kupanda: zimeni kiyoyozi, angalieni mshale wa joto. Kushuka ndiko kwenye hatari. Otomatiki ikiachwa kwenye D inashuka kwa breki tupu, na baada ya kilomita kumi breki zinapata moto, zinanuka, kisha mguu unazama bila gari kushika. Wekeni 2 au L tangu Lushoto na mguse breki kwa vipindi. Zikinuka, simameni Soni dakika ishirini. Msimwagie maji rimu ya moto, mtapinda diski.

Mtoto anayetapika garini akae mbele au katikati aone barabara, na asile kitu cha mafuta Mombo. Hiyo Mombo kila mtu anataka kula chipsi, halafu kona ya tano mnasimama.

Irente, mahali pa kutazamia mandhari, ni kama kilomita 6 kutoka Lushoto mjini. Gari linafika karibu kabisa na mwamba, kinachobaki ni hatua chache. Chini unaiona nyika ya Mazinde, kama mita elfu moja chini ya miguu yako. Nendeni alasiri kuanzia saa kumi; asubuhi za Agosti ukungu unaziba kila kitu hadi saa nne. Ukingo hauna uzio wa maana, mtoto wa miaka 7 ashikwe mkono muda wote, si kuambiwa tu asikaribie.

Baridi: Lushoto iko mita 1,400 hivi. Mtu wa Tanga anayedhani kanga itatosha Agosti atalala na soksi. Sweta zito kwa kila mmoja, na mnapoweka nafasi mwulize kama maji ya moto yapo asubuhi, si jioni tu. Mtae, kijiji kilicho mbele zaidi ya Lushoto, msiifikirie safari hii, ni mbali na barabara yake si ya gari hilo.

Nahodha_Bweni

Maziwe kwanza, maana wengi huharibikiwa hapo. Maziwe ya leo ni fungu la mchanga. Miti iliyokuwepo, mivinje, iliisha mwanzoni mwa miaka ya 1980, na maji yakijaa sana linazama lote. Ndiyo maana mayai ya kasa yanayotagwa pale huhamishiwa ufuoni Ushongo. Kwa hiyo hamwendi mkitaka, mnaenda maji yakitaka.

Hesabu ni hii. Bamvu, yaani maji kujaa na kupwa kwa nguvu, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu baada yake. Siku hizo maji hupwa kabisa karibu saa nne au tano asubuhi, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Hiyo ndiyo Jumamosi nzuri: mnaondoka Pangani saa mbili, mnakaa, saa saba mnarudi. Maji mafu, yaani yasiyojaa wala kupwa sana, tarehe saba na ishirini na mbili hivi za mwezi mwandamo, yanapwa saa kumi jioni, mnarudi jua likizama. Tazameni kalenda ya Kiislamu kabla ya kuweka nafasi, ndipo mpige simu.

Sasa Agosti ni kusi, upepo wa kutoka kusini. Asubuhi bahari inavumilika, kuanzia saa sita upepo unaongezeka na boti inapiga mawimbi. Kwa mama mwenye magoti mabovu shida si kuzama. Ni kupanda na kushuka botini kwenye maji ya mapajani, boti ikicheza. Mimi ningemwacha ufuoni. Na kwa miamba ya chini na samaki, maji safi zaidi yako Novemba mwishoni hadi Februari, mto Pangani ukiwa haujaleta tope jipya.

Mkienda hata hivyo: jaketi okozi la saizi ya mtoto, lijaribiwe akiwa ufuoni, kwa sababu la mtu mzima linampanda usoni akiingia majini. Maji ya kunywa lita 2 kila mtu. Turubai na fito mbili, kivuli hakipo hata cha kufunika kichwa. Viatu vya mpira miguuni kwa ajili ya wale viumbe wa baharini wa miiba mirefu myeusi. Kiingilio cha eneo tengefu mwulize kama kimo kwenye bei ya boti au hakimo, kabla nanga haijang'oka.

Wajaleo

Msisahau pa nusu siku. Tongoni, kama kilomita 17 njia ya Pangani, tambarare: magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya 40, mibuyu, bahari. Mama atapafurahia. Mapango ya Amboni ni kilomita 8 tu kutoka mjini lakini ndani kuna giza, kuinama na kupita pembamba; watoto ndiyo, magoti hapana.

Binti_Chumbageni

Ahsanteni sana, haya ndiyo niliyokuwa nayataka. Maziwe tunaiahirisha hadi Januari. Sasa kuna watu wananiambia Magoroto badala ya Amani. Ni rahisi zaidi kwa gari?

Chungwa_la_Muheza

Magoroto ni karibu zaidi na Muheza, ina ziwa dogo la kutengenezwa na michikichi mirefu iliyopandwa tangu enzi za Mjerumani. Pazuri sana kwa watoto. Ila njia yake ni fupi na kali. Mlima unaanza mapema na mawe yamechomoza, gari la chini litagusa tumbo, na mkiwa watano na mizigo ndiyo zaidi. Mwisho wa wiki hujaa vijana wa mahema na spika, na umesema hutaki muziki. Kama ni Magoroto, nendeni kwa gari la kukodi toka Muheza, siku ya kawaida.

Tochi_Segera

Hapo umeona mwenyewe, dada. Milima ya Muheza yote miwili inakutaka gari jingine.

Chungwa_la_Muheza

Si kweli kwa Amani ikikauka. Corolla zinapanda kila siku. Mwenye shida ni anayepanda na upepo mwingi kwenye tairi na buti limejaa. Punguzeni kidogo upepo Sigi, mjaze mkirudi Muheza, na msisimame katikati ya kona ya kupanda, maana kuanza upya ndiko kunakochimba shimo.

Binti_Chumbageni

Basi mama akipewa kura anasema Lushoto, kwa sababu ya lami. Jumapili tutoke huko saa ngapi?

Tochi_Segera

Saa nne asubuhi, ukungu ukishaondoka. Saa tano na nusu mko Mombo, breki zipoe, chipsi zenu mle hapo kwa amani kwani kona zimekwisha. Saa kumi mko Tanga hata mkisimama Muheza kununua machungwa. Msinunue kiroba kizima kwenye foleni ya mabasi, bei ya pale ni ya wasafiri. Ingieni ndani kidogo kuelekea sokoni. Na mboga za Soni ziwekeni nyuma zikiwa kwenye tenga, si mfuko wa plastiki, zitaungua kabla ya Korogwe.