Mnaosafiri Krismasi na kuacha mbwa kwenye mnyororo hapa Dar: huo siyo ulinzi, ni mateso

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaomba radhi. Mabasi ya Moshi, Arusha na Bukoba yanajaa pale Mbezi Luis, na nyuma ya mageti ya Kimara, Tabata, Kigamboni na Mikocheni wanabaki mbwa waliofungwa mnyororo wa mita moja na nusu, ndoo moja ya maji, na mlinzi aliyeambiwa "utamwangalia". Amwangalie kwa kitu gani? Hakuachiwa unga, hakuachiwa hela, hakuachiwa namba ya daktari wa mifugo.

Tuanze na maji, maana ndiyo yanayoua kimyakimya. Mbwa wa kilo 25 anahitaji kama lita moja na nusu kwa siku ya kawaida. Kwa joto la Desemba la Dar, nyuzi 31 na zaidi, mwekee lita tatu. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Anajipoza kwa kuhema, na hewa yetu hii yenye unyevu inafanya kuhema kwenyewe kusimsaidie sana. Ndoo ya plastiki inabwagwa na mnyororo asubuhi, mlinzi wa usiku keshaondoka, mbwa anakaa na kiu mpaka jioni. Wekeni mabeseni mawili ya saruji au ya udongo, mapana na mazito, sehemu mbili tofauti zenye kivuli, yaoshwe kila siku.

Halafu jiulizeni hayo maji yanatoka wapi. Nyumba nyingi simtanki linajazwa kwa pampu. Yuniti za LUKU zikiisha tarehe 27, pampu haivuti. Utumbo na vichwa vya kuku mlivyojaza kwenye friza vinaoza, na mlinzi aliyekosa hela atampikia hivyo hivyo. Umeme unanunuliwa kwa simu na tokeni inatumwa kwa meseji hata ukiwa Rombo, kwa hiyo msiniambie mlikuwa mbali.

Chakula nacho kina hesabu. Kwa mbwa huyo wa kilo 25, robo kilo ya dona na gramu 100 za dagaa wakavu kwa siku, bila chumvi na bila kitunguu. Wiki mbili ni kilo tatu na nusu za dona na kilo moja na gramu 400 za dagaa. Nunueni kabla ya kuondoka, mpeni mlinzi mkononi, na mkaa au gesi ya kupikia pia. Anayelipwa mshahara ule mnaomlipa hawezi kumlisha mbwa wenu kutoka mfukoni mwake, na kumlaumu ni aibu.

Mnyororo wenyewe sasa. Mbwa akifungwa karibu na ukuta na akashtuka, anaruka. Mnyororo ukiwa mfupi ananing'inia upande wa pili na kola inamnyonga. Kola nayo iingize vidole viwili kati yake na shingo. Ikibana inachimba ngozi, nzi wanataga kwenye kidonda, na mayai yanaweza kuanguliwa ndani ya siku moja. Mkirudi mnakuta shingo ina funza. Afunguliwe uani kama fensi ni nzima, la sivyo ajengewe banda la wavu wa chuma lenye kivuli cha mti au paa la makuti. Bati tupu lililo chini chini ni tanuri.

Mlinzi aelekezwe kabla hamjaondoka: mbwa akihema kwa fujo, ufizi ukawa mwekundu sana, mate yakawa mazito na akayumba, amwagiwe maji ya bomba mwili mzima na apigwe feni, kisha apelekwe kwa daktari akiwa bado amelowa. Asifunikwe taulo bichi akaachwa nalo, linazuia joto kutoka. Mwenye kipimajoto aache kumpoza kikisoma 39.5, maana akiendelea joto linashuka kupita kiasi.

Nije kwenye fataki. Karibu kila mwisho wa mwaka Polisi wanaonya kuhusu kulipua fataki bila kibali na kuchoma matairi, na usiku wa tarehe 31 mitaa inalipuka vile vile. Mbwa anasikia mlio ambao sikio la mtu halifiki kabisa. Anapoogopa anatafuta pa kutokea, na nje ya geti kuna bodaboda na daladala. Mtembezeni jioni mapema, alishwe, aingizwe ndani kabla ya saa tatu usiku: chumba cha katikati au stoo, madirisha yafungwe, mapazia yashushwe, feni na redio viwe vinaunguruma. Kola iandikwe namba ya simu iliyo hewani, siyo laini mliyoitupa mwaka juzi. Na chanjo ya kichaa cha mbwa iwe hai, kwa sababu mbwa mwenye hofu aliyeko barabarani huuma. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akaanze sindano.

Kuna mtindo wa kuomba "dawa ya kumlaza". Kaeni nayo mbali. Aseipromazini, inayotumika sana, inalegeza mwili bila kuondoa woga: mbwa anasikia kila mlipuko na hawezi hata kujificha. Mwambieni daktari mnataka dawa ya kupunguza hofu, na ijaribiwe siku kadhaa kabla. Valiamu na piritoni za binadamu msimpimie wenyewe. Paka ndiyo kabisa: kidonge kimoja cha panadoli cha miligramu 500 kinaweza kumuua.

Mabaki ya sikukuu. Mfupa wa kuku uliopikwa unapasuka vipande vyenye ncha. Kibaya zaidi ni vijiti vya mishikaki: mbwa anameza na nyama yake, kijiti kinatoboa tumbo, na eksirei mara nyingi haikioni kwa sababu ni mti. Vihesabuni mnapokusanya sahani! Kitunguu cha pilau, kibichi au kilichokaangwa, kinavunja chembe nyekundu za damu, na dalili zinakuja siku kadhaa baadaye, mkojo ukiwa wa kahawia. Zabibu kavu zinaharibu figo. Chokoleti, msiguse. Paka akimeza uzi wa kung'aa wa mti wa Krismasi na ncha ikaonekana mdomoni au nyuma, msivute. Uzi huo unaweza kukata utumbo.

La mwisho, sumu ya panya mnayomwaga siku ya safari ili "nyumba ibaki salama". Ile ya unga wa kijivu mweusi, fosfidi ya zinki, ikikutana na asidi ya tumbo inatoa gesi ya sumu. Maziwa na mafuta ya kupikia mnayokimbilia kumnywesha yanaongeza madhara. Apelekwe kwa daktari bila kulishwa kitu, madirisha ya gari yakiwa wazi. Ile ya punje za rangi inazuia damu kuganda, na mbwa anaonekana mzima siku tatu hadi tano kabla ya kuanza kuvuja. Hiyo ina dawa, vitamini K1, kama akiwahi, kwa hiyo pakiti isitupwe, daktari aione. Paka akila panya aliyekufa kwa sumu naye yumo hatarini. Tumieni mitego.

Na hao madaktari, wapigieni leo muulize nani anafanya kazi tarehe 25, 26, 31 na Januari 1. Jina na namba vibandikwe kwenye kibanda cha mlinzi, na hela ya bajaji ya kumfikisha huko iachwe hapo.