Maji nyuma ya ngoma ya sikio kwa mtoto aliyezaliwa na kaakaa wazi: kusubiri, vibomba au shimesikio?

Mama wa Wete
Assalaam alaykum. Mwanangu ana miaka 3. Alizaliwa na kaakaa lililopasuka, akafanyiwa upasuaji wa kuliziba huko Dar es Salaam, na jeraha lilipona vizuri. Hata hivyo maneno yake ni machache, na nikimwita akiwa amenipa mgongo hageuki. Vipimo viwili, vilivyopishana kwa miezi minne, vimeonesha maji katika masikio yote mawili, na sauti iliyo chini ya desibeli 35 haisikii. Naomba mnilinganishie njia hizi tatu: kusubiri, vibomba (mirija midogo inayowekwa kwenye ngoma ya sikio ili hewa ipite) na shimesikio (kifaa cha sikioni cha kukuza sauti), mkizingatia kwamba kila safari ya matibabu kwangu ni ya boti.

Muuguzi wa Chake
Waalaykum salaam, dada. Misuli inayofungua mrija unaounganisha sikio na koo ndiyo hiyo hiyo inayokaza kaakaa laini. Kwa watoto hawa haikujipanga sawasawa, hivyo hewa haiingii nyuma ya ngoma na maji hujikusanya. Kuziba kaakaa hakurekebishi mrija papo hapo, na ndiyo maana wazazi wengi hushangaa kama ulivyoshangaa wewe. Kusubiri miezi mitatu na kupima tena ni jambo la kawaida, kwani kwa watoto wengine maji hukauka yenyewe; lakini kwa mwenye kaakaa wazi hali huelekea kudumu kwa miaka, na umri wa mwanao ndio wa kujifunza kusema. Dawa za mafua na za mzio haziondoi maji hayo, hata zikiandikwa mara ngapi.

Baba wa Fuoni
Wangu aliwekewa vibomba mara mbili. Siku ile ile alianza kulalamika kwamba redio inapiga kelele, nasi tulikuwa tumeizoea hivyo kwa ajili yake! Vibomba vya kwanza vilitoka vyenyewe baada ya miezi tisa, maji yakarudi, tukaanza upya na dawa ya usingizi juu. Sikio moja lilitoa usaha mara kwa mara, na daktari alituonya kwamba kila kurudia huongeza uwezekano wa ngoma kubaki na tundu au kovu. Kupiga mbizi alikatazwa, na kumzuilia mtoto wa pwani bahari si kazi ndogo.

Mama wa Makunduchi
Sisi tulichagua shimesikio, na sijuti. Hakuna kisu, na mwongozo wa kitabibu wa Uingereza wa mwaka 2008 uliitambua njia hii kuwa mbadala wa vibomba kwa watoto wenye kaakaa wazi. Taabu yake ni ya kila siku: betri, jasho na unyevu wetu, kipande cha sikioni kinachobana kila mtoto anapokua, na watoto wa skuli wenye maswali. Tena kifaa hakiondoi maji. Kinakuza sauti tu, kwa hiyo ngoma iendelee kukaguliwa.

Mgeni wa Kengeja
Je, mafuta ya habasoda yaliyopashwa moto hayafai?

Muuguzi wa Chake
Hayafai, ndugu yangu. Ngoma ikiwa nzima mafuta hayayafikii maji. Ikiwa na kibomba, yanaingia ndani na kuleta maambukizi.

Mama wa Wete
Nawashukuru. Kusubiri nakuondoa, kwa kuwa miezi minne imeshapita. Kinachonitia shaka kuhusu vibomba ni usaha kuanza usiku nikiwa Wete, na kuhusu shimesikio ni mahali pa kutengeneza kipande kipya. Daktari ameniambia kaakaa lake litahitaji kufanyiwa marekebisho madogo mwakani, na nimemuuliza kama vibomba vinaweza kuwekwa katika usingizi huo huo; amekubali. Hadi wakati huo nitaazima shimesikio, ili mwaka huu wa maneno usimpite.

Baba wa Fuoni
Uliza kabisa nani atakagua masikio huko Pemba baada ya hapo, na ukija nalo jina lake, tuandikie.