Naomba ushauri: mkataba haukuhuishwa kwa sababu ya ujauzito, CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) tujaze nini?

Habari wakuu. Namsaidia mfanyakazi wa kiwandani, Tanzania Bara. Mkataba wake wa mwaka mmoja umehuishwa mara 3. Alipopeleka barua ya likizo ya uzazi, safari ya nne haukuhuishwa. Wenzake 5 wa kitengo kilekile wamesaini. Leo ni siku ya 22 tangu mkataba uishe.

Tunayo mikataba yote, nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa na meseji ya msimamizi: "tutaongea ukishajifungua". Tumemwandikia mwajiri, kimya.

Kinachonitatiza ni mzigo wa ushahidi. Kwa kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, akionyesha dalili za ubaguzi, mwajiri ndiye athibitishe haukuwepo. Ila matarajio ya kuhuishwa mkataba atayathibitisha mwenyewe. Halafu Mahakama Kuu imewahi kutupa mashauri kwa Sehemu B ya Fomu Na. 1 ya CMA (ya migogoro ya kuachishwa kazi tu) kujazwa pasipohusika (inauma, lakini ndivyo).

Je, tujaze kuachishwa isivyo halali, ambako muda wa kufungua shauri ni siku 30, zimebaki 8? Au ubaguzi, siku 60, na Sehemu B tuiache wazi? Mwenye uamuzi wa Mahakama ya Rufani kuhusu mjamzito wa mkataba wa muda maalumu, naomba namba ya shauri.