POVU RUKSA: Huyu "mchambuzi" aliyeuliza Foxley anacheza timu gani, nani alimpa kipaza sauti?

Kutu ya Mauser:
Wakuu, salamu baadaye, nina hasira. Simtaji, mnamjua. Yule anayevaa miwani ya jua ndani ya studio isiyo na dirisha na kuanza kila sentensi na "kiintelijensia". Leo asubuhi mada ilikuwa kwa nini nchi zilizo vitani haziuani viongozi. Jibu lake lote: "Woga tu. Nyoka anapigwa kichwa." Kipindi cha saa nzima kakimaliza kwa sekunde nne, muda uliobaki anakunywa chai ya mdhamini.

Hapo ningenyamaza. Msikilizaji akatuma ujumbe wa heshima kabisa: mtaalamu, vipi kuhusu Foxley? Mtaalamu akavuta pumzi ndefu kama mpiga mbizi, akasema: "Foxley? Huyo anacheza timu gani?" Na mtangazaji akacheka.

TIMU GANI.

Foxley si mtu, baba. Ni mpango wa SOE, idara ya siri ya hujuma ya Waingereza, wa kumuua Hitler, 1944. Walikuwa na mfungwa wa vita aliyewahi kulinda Berghof, nyumba ya Hitler kule milimani juu ya Berchtesgaden. Akatapika kila kitu. Bwana mkubwa akiwepo inapandishwa bendera, unaiona ukiwa umekaa mkahawani mjini. Asubuhi baada ya saa nne anashuka kwa miguu kwenda nyumba ya chai ya Mooslahnerkopf, mwendo wa kama dakika 20, na hataki mlinzi amgande. Akimwona askari anamfuata karibu, anafoka. Basi mpango ukawa watu wawili, mdunguaji na mwenzake, wanaojua Kijerumani, sare za askari wa milimani wa Kijerumani, bunduki ya Mauser yenye darubini, wajifiche msituni kandokando ya hiyo njia. Dakika 20 mtu anatembea karibu peke yake! Halafu wewe unauliza timu gani.

Na hawakufanya. Kwa nini? SI NDIYO MADA YENYEWE? Humo humo SOE, Luteni Kanali Ronald Thornley wa kitengo cha Ujerumani alipinga. Alisema Hitler akiwa jemadari anawasaidia Washirika, yaani Waingereza na wenzao, kwa maamuzi yake mabovu, na akiuawa atageuka shahidi aliyefia nchi, Wajerumani waimbe kwamba wangeshinda laiti asingeuawa. Isitoshe Hitler aliondoka Berghof 14 Julai 1944 na hakurudi tena. Makabrasha ya Foxley yanakamilika Novemba. Mdunguaji angeota uyoga kichakani akingojea bendera.

Huo ni woga au hesabu? Anacheza timu gani! Nawasilisha.

Mzee wa Kahawa:
Mkuu, umeandika gazeti zima kwa sababu ya maneno matatu. Kunywa maji. Ila huyo Thornley namwelewa, zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Jezi Namba Sita:
Uzi bila picha haujakamilika. Weka picha ya Foxley akiwa na jezi.

Kutu ya Mauser:
Jezi Namba Sita, Mungu anakuona.

Bibi Ramani:
Mmesahau mchambuzi huyo aliposema Yamamoto, admeri wa Japani, alipouawa "Japani ikanyoosha mikono wiki hiyo hiyo". Mimi hilo ndilo lililoniua kabisa, Foxley nilishamsamehe.

Yamamoto kaangushwa 18 Aprili 1943, Japani imetangaza kusalimu amri 15 Agosti 1945. Hiyo wiki ina miezi 28. Na tazameni ilivyogharimu kumpata mtu mmoja, admeri, hata si mkuu wa nchi. Wamarekani walinasa ratiba yake ya ziara kwa sababu walikuwa wanasoma misimbo ya jeshi la majini la Japani. Ndege 18 za kivita za P-38 zikapangwa kutoka kisiwa cha Guadalcanal. Moja ikapasuka tairi ikiruka, nyingine matangi ya nje yakagoma kutoa mafuta. Zikabaki 16, zikazunguka zaidi ya kilomita 600 juu ya bahari, karibu mita 15 tu kutoka majini ili zisionekane, na Meja Mitchell anaongoza kwa saa ya mkononi na dira ya meli iliyofungwa kwenye ndege. Wakatokea kisiwa cha Bougainville karibu dakika ile ile inayotakiwa. Yote hayo yaliwezekana kwa sababu Yamamoto alikuwa mtu wa kufika kwa wakati. Angekuwa na saa za kwetu, mafuta yangewaishia angani.

Lakini kabla ya ruhusa, Admeri Nimitz wa Marekani alimuuliza ofisa wake wa ujasusi, Layton: huyu akiondoka, wanaye mwingine bora kuliko yeye? Akaambiwa hakuna. Ndipo akakubali. Na bado roho juu, maana Wajapani wakishtuka kwamba misimbo inasomwa wataibadilisha, umempata mtu mmoja umepoteza sikio la vita nzima. Wakatunga hadithi kwamba wachunguzi wa pwani wa Kiaustralia ndio walioiona ndege.

Mzee wa Kahawa:
Bibi, hilo swali la Nimitz ndilo uzi wote. Israeli ilimuua Abbas al-Musawi, kiongozi wa Hezbollah, Februari 1992. Kiti akakalia Hassan Nasrallah, akakaa miaka 32. Warusi nao walimfuata Dudayev, kiongozi wa Chechnya, kwa mawimbi ya simu yake ya setilaiti, wakamuua 21 Aprili 1996. Agosti hiyo hiyo Wachechnya wakaichukua tena Grozny, Urusi ikasaini kusitisha vita. Kichwa kimepigwa, nyoka kahamia chumbani.

Kutu ya Mauser:
Asante mzee. Na mngesikia kile kicheko cha mtangazaji. "Timu gani." Huku chai inamwagika.

Chuma Chakavu:
Nyie mnazungumza siasa, mimi kinachoniudhi ni watu kudhani bomu ni king'ora, unabonyeza linalia. Stauffenberg, ofisa wa Kijerumani aliyetaka kumlipua Hitler, 20 Julai 1944 alikuwa na baruti ya plastiki vifurushi viwili, kama kilo moja moja. Kiwashio cha penseli: unaminya kichupa kwa koleo, tindikali inakula waya, waya ukikatika kinapiga. Mkono wa kulia hana, wa kushoto una vidole vitatu. Kikao na Hitler kimewahishwa kwa sababu Mussolini anakuja, askari anagonga mlango, harakisha. Akaandaa kimoja tu, cha pili akakiacha nje ya mkoba! Kingekuwemo humo humo hata bila kiwashio, cha kwanza kingekilipua. Kikao chenyewe kiko kwenye banda lenye madirisha wazi, si handaki la zege, mshindo ukatokea dirishani. Kanali Brandt akausukuma mkoba nyuma ya mguu mnene wa meza. Saa 6:42 mchana likalipuka, wanne wakafa, Hitler akatoka na suruali imechanika.

Na Heydrich, bosi wa Kinazi kule Praha, 27 Mei 1942? Gabčík, askari wa Kichekoslovakia, anasimama mbele ya gari lake la wazi, anavuta kilimi cha bunduki ya Sten, kimya, imekwama. Bila bomu la mwenzake Kubiš, Heydrich angerudi nyumbani kula. Akafa siku nane baadaye kwa sumu ya damu. Kisha kisasi cha Wajerumani, kijiji cha Lidice: wanaume 173 wakapigwa risasi 10 Juni. Hiyo bili mchambuzi aliitaja?

Jezi Namba Sita:
Kwa hiyo Kubiš ndiye super sub.

Dada Antena:
Mimi hasira zangu kwa wale wa upande wa pili, kila mada "sheria za kimataifa zinakataza". Zinakataza nini? Kanuni za Hague za 1907, kifungu cha 23(b), zinakataza kumuua adui kwa hila ya usaliti, kama kujifanya unasalimu amri halafu unachomoa bastola. Kiongozi aliye amiri jeshi, anayetoa amri za vita, anaweza kuwa shabaha halali kama jenerali yeyote. Marekani wana amri yao ya ndani tangu Rais Ford, 1976, inayokataza mauaji ya kisiasa, na Machi 2003 walimwaga mabomu manne ya kilo 900 na makombora ya Tomahawk kama 40 pale Dora Farms, Baghdad, wakimtafuta Saddam. Saddam hakuwepo, na handaki waliloambiwa lipo halikuwepo pia. Walimpata Desemba, shimoni, ana ndevu.

Mzee wa Kahawa:
Sisi wenyewe 1979 vijana wetu walipoingia Kampala njia ya Jinja iliachwa wazi Walibya waliomsaidia Amin watoke. Amin akafia Jeddah, 2003. Vita ilikwisha bila kumgusa. Halafu muulize huyo mchambuzi, ukiua wote nani anasaini? Wamarekani walimwacha Hirohito, mfalme wa Japani, hai, sauti yake redioni ndiyo iliyowafanya askari waweke silaha chini.

Muuza Flashi:
Redio afadhali. Mmewahi kusikia DJ wa sinema za kutafsiri? Jana kibanda umiza tunaangalia vita ya pili ya dunia, kila bunduki anaita AK-47. Mjerumani kashika Mauser, DJ: "Anachomoa AK-47, anamwaga moto!" Risasi moja moja hiyo, inarudishwa kwa mkono!

Chuma Chakavu:
Na kila bomu kwake ni nyuklia. Hata guruneti.

Dada Antena:
Mimi wangu alimpa jenerali wa Kijerumani jina la Mzee Masawe mwanzo mpaka mwisho. Nililia.

Kutu ya Mauser:
Jamani, turudi kwa Foxley. Aliuliza anacheza timu

Jezi Namba Sita:
Muuza Flashi, huko kwenu flashi ya GB 16 mnajaza shilingi ngapi?

Muuza Flashi:
Njoo inbox, mkuu. Ukija na mbili nakupunguzia.